Mama mkwe kamwachisha wifi dawa, na mimi nimeapishwa nisiseme

Anti, shikamoo.

Kunakaribia kucha na sijapata usingizi. Sitaki ugomvi na mama mkwe, naomba uniamini hapo. Ila kuambiwa mbele ya wageni kwamba asiyezaa hana la kumfundisha mwenye mimba, limenikaa rohoni.

Wifi yangu alifanyiwa upasuaji wa rovu, tezi ya shingo ikatolewa yote. Mtu wa hivyo hanywi levothairoksini, yaani vidonge vya homoni ya tezi ya shingo, ili apone. Anakunywa kwa sababu kiungo kilichokuwa kinatengeneza homoni hiyo hakipo tena, na atainywa maisha yake yote. Sasa ana mimba ya wiki 9. Majibu yametoka, TSH 9.4. Mama kaona kwenye karatasi kwamba imepita kiwango, akasema homoni zimejaa mwilini, vidonge vya nini tena? Na wifi kaacha.

Ni kinyume, Anti! TSH haitoki shingoni. Inatoka kwenye tezi ya pituitari, chini ya ubongo, na kazi yake ni kuiamrisha tezi ya shingo izalishe. Homoni ikipungua kwenye damu, pituitari inaongeza TSH. Namba ikipanda hivyo, mwili unadai homoni. Kwa mjamzito kama yeye tunataka iwe chini ya 2.5. Nafanya kazi maabara, vipimo hivi ndivyo ninavyovishughulikia, sijifanyi daktari kama anavyonitangaza.

Na sababu ya kupanda inajulikana. Mimba ikiingia, dozi huhitaji kuongezwa kama robo hadi theluthi, mapema kabisa, na daktari hakuwahi kuulizwa. Halafu wifi alikuwa anameza kidonge na chai ya maziwa, pamoja na vidonge vya damu vya kliniki, vyote kwa mpigo. Madini ya chuma yanaishika dawa tumboni, haiingii kwenye damu. Inamezwa kwa maji, tumbo tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Vidonge vya damu na vya kalsiamu vinasubiri saa 4. Daktari angepanga dozi, kipimo kikarudiwa baada ya wiki 4, basi. Ndicho nilichojaribu kusema siku ile nikajibiwa mambo ya kuzaa.

Mama anamwongezea chumvi ya madini joto na kumpikia ugali wa uwele na mlenda. Chakula sina ugomvi nacho, ale. Lakini madini joto ni malighafi ya tezi, na tezi yenyewe haipo.

Wifi ananijibu, "Mbona niko sawa?" Hapo ndipo panaponitisha. Homoni hii hukaa mwilini muda mrefu, baada ya kama siku 7 inabaki nusu, nyingine 7 inabaki robo, kwa hiyo mtu haanguki siku anayoacha. Ameanza kuona baridi, choo kigumu, usingizi mchana kutwa, na kila kimoja wanasema ni mimba. Mtoto naye hadi kama wiki ya 12 hana tezi inayofanya kazi, na hata baadaye huendelea kumtegemea mama kwa muda. Ubongo wake unajengwa na homoni ya mama, ambayo ndiyo hiyo inayoisha. Mimba inaweza kutoka, presha ikapanda, au mtoto akazaliwa njiti.

Nilishaamua kunyamaza. Mtoto si wangu, nimeshakumbushwa vya kutosha kwamba sina. Mume wangu anasema nimwachie mama binti yake. Lakini nikinyamaza na likitokea la kutokea, ni mimi niliyekuwa najua.

Mume wa wifi yuko kazini Mpwapwa, anajua mkewe anameza dawa kila asubuhi. Wifi kaniapisha nisimwambie, anaogopa ataonekana kamdharau mama yake, au mama kamdharau mkwe. Nimempa kiapo, na mimi si mtu wa kuvunja kiapo. Anakuja Jumamosi. Nimwite pembeni nimwambie yote, au kwanza nimpeleke wifi kwa daktari wake kimyakimya, mama asijue? Na akikataa kwenda, Anti, bado nitakuwa nimefungwa na kile kiapo?

Wifi mtu, Dodoma