Kabla hujakata fremu: pesa ya kafe resa inaishia wapi

Simu ya gereji yetu hupokea picha ileile ya kafe resa (pikipiki ya mtindo wa cafe racer) mara kwa mara: pikipiki nyeusi, tanki refu, siti fupi yenye kinundu nyuma, taa moja ya mviringo mbele, basi. Chini yake ujumbe: "Fundi, hii bei gani?"

Kwa picha hatuwezi kujibu, na si kwamba tunaficha bei. Tanki, siti na rangi, yaani vyote unavyoviona pale, ndiyo kazi nyepesi na vinakula sehemu ndogo ya bajeti. Pesa na muda vinamezwa na waya, kabureta, beringi na fremu, na hivyo hakuna anayevipiga picha. Tumeona pikipiki za kupendeza kupita kiasi zikiletwa kwetu juu ya kirikuu, zimepakwa rangi ya maelfu, haziwaki. Mwenye pikipiki hulipa mara ya pili, na safari hii analipia kilichorukwa.

Mtindo wenyewe ulianzia Uingereza miaka ya 1950. Vijana wa London walikuwa wakikutana Ace Cafe, mgahawa wa kando ya barabara ya North Circular uliofunguliwa mwaka 1938 kwa ajili ya madereva wa malori. Shabaha yao ilikuwa kufikisha maili 100 kwa saa, kama kilomita 160. Pikipiki nyingi za dukani enzi hizo hazikufika huko, basi wakavua kila kisichosaidia mwendo. Hendeli zikashushwa ili mwendeshaji alale chini ya upepo. Pegi za miguu zikarudishwa nyuma, maana mtu aliyeinama hivyo akiweka miguu mbele kiuno hakimwachi salama. Siti ikawa ya mtu mmoja, na kile kinundu kikawekwa kumzuia asiteleze nyuma anapovuta mafuta. Wenye mikono hodari walitoa injini ya Triumph wakaifunga kwenye fremu ya Norton, wakaiita Triton. Ace Cafe ilifungwa mwaka 1969, ikaja kufunguliwa tena mwaka 2001.

Historia hii inatuhusu kikazi. Kila kipande cha kafe resa kilikuwa na sababu, na vinategemeana. Mteja akituambia tumfungie hendeli za chini lakini pegi tuziache zilipo ili kupunguza gharama, tunakataa. Atakaa kama mtu anayetafuta sarafu sakafuni, na baada ya foleni moja ya barabara ya Mandela ataichukia pikipiki yake mwenyewe.

Sasa, uanze na pikipiki gani? Triumph za kuokota Dar es Salaam hakuna. Wengi hutuletea Honda XL au Yamaha DT za zamani, zile za mabwana shamba na za miradi. Ni pikipiki imara, ila zimejengwa kwa ajili ya porini: shokapu ndefu, gurudumu la mbele la inchi 21, fremu iliyonyanyuka. Kuigeuza kafe resa kunadai ubadilishe mbele nzima na magurudumu. Ukituuliza, XL ibaki kuwa ya njia mbovu, tuisafishe na kuipendezesha hivyohivyo ilivyo.

Tunayoipendekeza ni Honda CG125. Honda waliitoa mwaka 1976 wakilenga nchi ambazo pikipiki hubebeshwa mizigo kupita kiasi na oili hubadilishwa mtu akikumbuka. Camshafti, ile shafti inayofungua valvu, waliishusha chini, valvu zinasukumwa na vijiti virefu, kwa hiyo kichwa cha silinda hakina mambo mengi na kinavumilia uzembe kuliko injini nyingi za rika lake. Injini hiyo ndiyo iliyokuja kuigwa na viwanda vingi vya China, na bodaboda nyingi unazopanda leo zina kizazi chake ndani. Faida kwako iko wazi: pistoni, ringi, sahani za klachi na gasketi unazipata Kariakoo bila kuagiza. Lakini usinunue kwa jina tu. Chukua kipande cha zamani mkononi, mwambie muuzaji apime, kwa sababu zipo injini zinazofanana kwa nje huku matundu ya bolti yamepishana.

Nguvu yake ni kama farasi 11. Kilomita 160 kwa saa usizitarajie, hata ukiteremka nayo mlima Kitonga.

Kabla ya kulipa pikipiki yoyote kuukuu, inama utazame namba ya chesisi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu, pale hendeli inapoungana na fremu. Ilinganishe na kadi, herufi kwa herufi. Tazama na ya kwenye injini. Namba iliyosagwa, au yenye rangi mpya nene juu yake wakati fremu nyingine imechakaa, achana nayo hata kama bei inavutia. Sisi pikipiki isiyo na kadi hatuigusi. Na kama kazi yetu itabadilisha rangi au injini, kadi nayo itarekebishwa TRA, hilo tunakueleza mapema ili lisije kukukuta barabarani.

Tuje kwenye fremu, maana hapa ndipo watu huharibu kitu kisichorudi. Mvuto wa kafe resa ni ule mstari mmoja ulionyooka kutoka chini ya tanki hadi mwisho wa siti. Fremu ya CG haina mstari huo, nyuma imejaa vyuma vya kushikia madigadi, taa na keria. Tunakata nyuma ya pale shokapu zinapofungwa, kamwe si mbele yake. Halafu tunaingiza kipande cha bomba jembamba ndani ya maungio, nusu upande huu nusu upande ule, ndipo tunachomelea bomba lililokunjwa nusu duara. Kile kipande cha ndani hutakiona tena maisha yako yote, lakini ukiruka tuta ukiwa na kilo 80 juu ya siti, mzigo unabebwa na chenyewe. Fundi wa mageti anaweza kuwa bingwa wa mageti. Bomba la fremu ni jembamba, moto ukizidi linatoboka au linavutika, na fremu iliyopinda kidogo tu itaivuta pikipiki upande mmoja kila siku.

Hendeli za chini zikishafungwa kwenye miguu ya shokapu za mbele, jaribio letu ni la sekunde chache: kata kona hadi mwisho, kulia kisha kushoto, kidole gumba kikiwa kwenye mpini. Kikibanwa kati ya mpini na tanki, kazi haijaisha. Ukiwa barabarani ukikata kona ya ghafla kidole kikabanwa pale, huwezi kuachia klachi. Kebo nazo zinafupishwa kwa kipimo, zisikunjwe zikaning'inia pembeni ya taa.

Kabureta ndiyo mada tunayobishana zaidi na wateja. Picha zote zina chujio la hewa la koni, limechomoza wazi, na boksi la hewa la kiwandani limetupwa. Linapendeza, hatukatai. Ila boksi lile lilikuwa linapima hewa. Ukiliondoa hewa inaingia kwa wingi huku petroli ikibaki ileile, na ukiongeza na bomba la moshi lililo wazi, mchanganyiko wa hewa na petroli unazidi kuwa mwepesi. Utaijua kwa injini kukohoa unapovuta mafuta ghafla, kuchelewa kushuka kwenye sailensa (mzunguko wa injini usipovuta mafuta), na kuchemka kuliko kawaida. Fungua plagi uitazame. Ya kahawia hafifu iko sawa. Nyeusi yenye masizi, petroli imezidi. Nyeupe kama chaki, hewa imezidi, na ukiendelea kuibana kwenye barabara ndefu utakuja kutengeneza pistoni.

Dawa yake ni kupanda saizi ya jeti kuu, kile kitundu kinachopitisha petroli ndani ya kabureta, na kunyanyua sindano ya kabureta kwa kushusha klipu yake tundu moja, kisha kuitoa barabarani, kuivuta hadi mwisho, kuizima palepale bila kuiacha ishuke kwenye sailensa, na kusoma plagi upya. Tunarudia mpaka rangi ikubali. Hakuna namba ya jeti ya kukutajia kwenye simu, kwa kuwa inategemea koni uliyonunua, bomba la moshi na hali ya injini yenyewe.

Halafu kuna vumbi. Koni za bei rahisi za wavu wa chuma zinapitisha vumbi laini, na ukikaa mtaa usio na lami, ringi zitakwisha na pikipiki itaanza kutoa moshi wa bluu mapema. Ndiyo maana ushauri wetu, hasa kwa anayeendesha kila siku, ni kubakiza boksi dogo la hewa lililofichwa katikati ya fremu. Utapoteza ule uwazi wa pembetatu chini ya siti ambao kila mtu anautaka. Injini itadumu.

Umeme ni kazi ya pili kwa ukubwa baada ya injini. CG za mwanzo zilikuja na volti 6 na pointi za kuwashia, na miaka yote hii kila fundi aliyepita ameacha alama yake: waya wa redio umeungwa na wa taa, maungio yamefungwa nailoni, erthi imebanwa juu ya rangi. Kuunga juu ya waya hizo hatukubali. Tunatoa zote, tunasuka upya kuanzia betri, kila njia na fyuzi yake. Pikipiki inahamia volti 12, uwashaji unakuwa wa kielektroniki, na rektifaya, kifaa kinachorekebisha umeme wa kuchaji betri, inawekwa mahali penye upepo maana inachemka. Betri ndogo inaingia ndani ya kinundu cha siti. Tukimaliza tunapima kwenye betri injini ikiwa inazunguka: tunataka kati ya volti 13.5 na 14.5. Ikivuka 15, taa za LED na betri havina maisha. Ukitaka kumjua fundi wako, mwombe afunue siti akuonyeshe waya kabla hujaangalia rangi.

Breki za ngoma za CG zinatosha kwa mwendo wake, mradi ngoma haijaliwa na viatu ni vizima. Anayetaka diski tunambadilishia mbele yote, shokapu na gurudumu, ila hiyo ni bei nyingine. Tairi za sura ya zamani zinapendwa sana. Kabla ya kununua soma tarakimu nne zilizo pembeni. Zikiandikwa 3219, tairi imetengenezwa wiki ya 32 ya mwaka 2019. Tairi yenye kashata mpya kabisa iliyokaa dukani miaka inakuwa ngumu na kuteleza kwenye lami yenye maji.

Na maji yapo. Mtu akituambia tuondoe madigadi zote mbili, tunamuuliza masika atapita na nini. Bila madigadi ya nyuma, tope linapanda mgongoni kwa mstari mmoja hadi kwenye kofia, na linajaza shokapu. Tunaweka fupi za chuma zilizobana tairi, hazivunji sura. Vioo tunavifunga mwishoni mwa mipini, vidogo. Taa za kuonyeshea upande na kibao cha namba vinabaki. Barabarani si mahali pazuri pa kubishania hivyo na trafiki kwa mtu anayewahi kazini.

Kuhusu malipo, utaratibu wetu ni huu. Unalipia kwanza kufungua na kukagua. Tunapima mgandamizo wa injini, tunaweka nafasi za valvu milimita 0.08 injini ikiwa baridi kama kitabu cha CG kinavyotaka, tunasikiliza beringi, tunamulika ndani ya tanki kutafuta kutu. Ndipo unapata karatasi ya bei, kipengele kwa kipengele, na uhuru wa kuichukua pikipiki yako uende nayo. Ukikubali, unalipa kwa awamu: fremu na injini, kisha umeme, na mwisho rangi. Rangi haipakwi mpaka pikipiki iendeshwe ikiwa chuma kitupu, kwa sababu kila kitu kitafunguliwa tena walau mara moja baada ya majaribio. Wateja hulalamika hapo, wanaona pikipiki inatembea lakini ina sura mbaya. Tunawaomba subira.

Na kama pikipiki yako ndiyo inayompeleka mama watoto sokoni na mtoto shuleni, tutakwambia usiifanye kafe resa. Siti ni ya mtu mmoja, na uzito wa mwili unakaa kwenye viganja. Kwa matumizi hayo tunaweza kukutengenezea sura ya zamani yenye hendeli za kawaida na siti ndefu iliyonyooka. Inapendeza vilevile na gharama iko chini.

Ukija, njoo na kadi, pikipiki hata kama haipigi kiki, na picha mbili au tatu unazozipenda. Vaa viatu utakavyoendeshea, kwa maana tutakukalisha juu yake kupima umbali wa pegi. Kwa ambaye bado hajanunua, tupigie kabla hujatoa hela. Jumamosi asubuhi fundi mmoja huwa na nafasi ya kwenda nawe kuikagua.