Karakana za sanaa zinahitaji mafundi, si mashine tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu vyuo vinavyofundisha sanaa na ubunifu. Mimi ni fundi sanifu. Nahudumia karakana ambamo wanafunzi wa uchoraji, nguo, ufinyanzi, uhuishaji na usanifu wa bidhaa huja kutumia mashine ya kukata kwa leza, printa za 3D (zinazojenga kitu tabaka juu ya tabaka kwa uzi wa plastiki ulioyeyushwa), kamera, kompyuta za kuhariri video na meza ya kulehemu nyaya. Kinachoniuma ni kwamba chuo kikipata fedha hununua mashine, lakini mtu wa kukaa nayo pamoja na wanafunzi haingizwi kwenye bajeti.

Nitoe mfano wa juzijuzi. Mwanafunzi wa mwaka wa pili alibuni taa ya plaiwudi ya milimita 3, vipande vyake vikishikana kwa kupachikwa tu, bila gundi wala msumari. Kwenye kompyuta kila kitu kilikaa sawa: ubao milimita 3, tundu milimita 3. Lakini leza hukata kwa kuunguza, na inapopita hula ubao kidogo, pengine sehemu moja au mbili za kumi za milimita. Tundu linatoka pana kuliko lilivyochorwa na kiungo kinalegea. Tena ubao unaouzwa kama wa milimita 3 mara nyingi haufiki hapo, au unazidi. Tulipima ubao wake kwenye kona zote, kisha akakata kipande cha majaribio chenye matundu ya vipimo tofauti, kuanzia 2.6 hadi 3.0, akayapachika moja baada ya jingine mpaka akapata lililobana. Taa ilisimama. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba siku hizi anapima ubao kwanza, ndipo anawasha kompyuta.

Mwongozo wa mashine unaeleza kitufe gani kibonyezwe. Hauwezi kumwangalia mwanafunzi aliyesimama na ubao wake mkononi ukajua anakwama wapi.

Na kuna mambo ya usalama. Wanafunzi wa mitindo hupenda ile plastiki laini inayong'aa ya kushonea mikoba, na nyingi huwa ni PVC, aina ya plastiki yenye klorini. Ukiikata kwa leza inatoa gesi ya kloridi ya hidrojeni, ambayo ikikutana na unyevu hugeuka asidi. Inadhuru mapafu, inakula reli na lenzi za mashine. Kwa macho huwezi kuitofautisha kwa urahisi na plastiki nyingine. Nani atamzuia kijana huyo mlangoni, amweleze sababu, kisha amtafutie nyenzo mbadala ili wazo lake lisife? Bango la ukutani pekee halitoshi.

Wapo watakaosema fundi ni wa kutengeneza mashine na mwalimu ni wa kufundisha. Shule ya sanaa na ubunifu ya Bauhaus, iliyoanzishwa na msanifu majengo Walter Gropius mjini Weimar, Ujerumani, mwaka 1919, haikuona hivyo. Katika miaka yake ya mwanzo mwanafunzi wa karakana alikuwa na walimu wawili: msanii aliyemfundisha umbo na fundi aliyemfundisha nyenzo na zana. Karne moja imepita, tumeleta leza na vitambuzi, halafu tumemwondoa mwalimu wa pili.

Wanafunzi wa sanaa hawaogopi teknolojia kama wengi wanavyodhani. Arduino, bodi ndogo ya kielektroniki inayotumika leo duniani kote kuendesha taa, mota na vitambuzi, ilizaliwa mwaka 2005 katika chuo cha ubunifu huko Ivrea, Italia, kwa ajili ya wanafunzi wasiosomea umeme. Walihitaji kitu rahisi na cha bei nafuu, na walikuwa na walimu waliokaa chini nao wakakitengeneza.

Kuhusu saa za kufungua, nasema kwa uchungu. Kitu cha ukubwa wa ngumi kinaweza kuchukua saa nyingi kwenye printa ya 3D, na tabaka la kwanza lisiposhika vizuri, kila kinachofuata juu yake ni uzi wa plastiki uliopotea. Karakana inayofunguliwa saa tatu asubuhi na kufungwa saa kumi jioni, wakati mwanafunzi yuko darasani, ni kama haipo. Mwenye kompyuta nzuri na printa nyumbani ataendelea na kazi yake usiku. Asiye navyo atawasilisha alichoweza. Halafu wote wawili wanasahihishwa kwa kipimo kimoja, na alama zinapima mfuko wa mzazi. Nimeona wanafunzi wenye vipaji vikubwa wakibadilisha wazo zuri wiki ya mwisho kwa sababu tu mlango ulikuwa umefungwa.

Vivyo hivyo kwa programu. Chuo kinalipia leseni, mwanafunzi anajifunza kwa miaka yote ya masomo, anahitimu, leseni inakoma, na mafaili yake mwenyewe hawezi kuyafungua. Sisemi programu za kulipia zifutwe, maana waajiri wengi wanazitumia. Ila programu za bure kama Blender (ya uhuishaji na 3D), Inkscape (ya michoro) na Krita (ya uchoraji) zifundishwe kando yake kwa uzito uleule. Blender ilikuwa hatarini kupotea, ndipo mwaka 2002 watumiaji wake wakachanga euro 100,000 ili iachiliwe iwe huru kwa kila mtu. Mhitimu anaondoka nayo bila kumwomba mtu ruhusa.

Ombi langu ni kwa wajumbe wa kamati zinazopitisha bajeti za vyuo hivi. Mkiletewa karatasi ya kununua mashine, ulizeni jina la atakayeisimamia na mshahara wake utatoka wapi. Ulizeni kuhusu lenzi, vichujio vya moshi na uzi wa plastiki wa mwaka wa pili na wa tatu. Ulizeni karakana itafungwa saa ngapi wiki tatu kabla ya maonyesho ya wahitimu. Na kama fedha hazitoshi yote, nunueni printa moja badala ya tatu, mwajiri fundi.

Wako,
Fundi sanifu, karakana ya chuo cha sanaa