Risala ya kikundi cha wakulima na wasindikaji wa viazi Isongole kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya, Mheshimiwa Diwani, watendaji wa kata na vijiji, walimu wakuu mliofika, wazee wetu, mama zetu na vijana wote, itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru sana kwa kupanda mpaka huku Isongole kutufungulia chumba chetu cha kuhifadhi na kusindika viazi, na baridi hii na ukungu huu, tunajua ratiba yako imebana na ungeweza kumtuma mtu. Ndaga fijo, asante sana. Wenzangu wamenituma nisome kwa niaba yao na tumekubaliana tuseme yaliyoko moyoni bila kupamba.

Mheshimiwa, ukitoka Uyole kuja Tukuyu ukafika pale Isyonje unaona mwenyewe, pembeni ya barabara ni viazi, kabichi, karoti, njegere, malori yanapakia kwenda Dar, mengine yanateremka Kyela mpaka mpakani Kasumulu. Na sio hapa tu, Nyanda za Juu Kusini yote ndo hivyo, mpunga Usangu na Kyela, mahindi Ismani na Mbozi, ndizi na maziwa hapa Rungwe, viazi Njombe na Makete, na maparachichi siku hizi karibu kila kona. Chakula kipo kingi. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto wenye udumavu chini ya miaka mitano Iringa ni karibu 57 katika kila mia, Njombe na Rukwa kama 50, wakati wastani wa nchi nzima ni 30. Mikoa inayojaza masoko ya wenzetu ndo inaongoza kwa udumavu! Hili lilituuma sana tulipolisikia, maana kiukweli tunajijua, maharage tunauza, mayai tunauza, maziwa ya jioni tunauza, mama yuko shamba toka alfajiri na mtoto mdogo huku nyumbani anashindia viazi vya kuchemsha na chai ya rangi.

Kwa hiyo kikundi kilipoanza hatukuanza na swali la kupata soko Dar, tuliuliza hivi, hiki tunacholima kwanini hakilishi shule yetu, zahanati yetu na vibanda vya chipsi vya hapa hapa, na hela yake kwanini hailali hapa hata siku moja?

Chukua mahindi, Mheshimiwa. Mkulima anauza gunia zima kwa dalali, linaenda kukobolewa na kusagwa mbali, sembe inarudi dukani kwetu ipo kwenye mfuko mzuri wa rangi tunainunua, na pumba zimebaki huko huko, alafu mama mwenye kuku zake anatafuta chakula cha kuku anaambiwa bei imepanda. Aliuza pumba zake mwenyewe ndani ya lile gunia na hakulipwa hata senti kwa ajili yake. Alizeti ni vile vile, inaondoka na mashudu yake, yale makapi yanayobaki ukishakamua mafuta ambayo mifugo inakula. Kila gunia linaloondoka bila kuguswa linaondoka na kazi ya kijana mmoja wa kijiji hiki, kijana wa mashine, wa kupaki, wa bodaboda ya kusambaza, na ndo hao hao tunaowalalamikia wanakimbilia Mwanjelwa, Mbeya mjini, kushinda vijiweni.

Sasa viazi, hapa naomba nisimame kidogo maana ndo maisha yetu. Mwenye gari anakuja shambani na magunia yake, mnajaza mpaka mdomoni, alafu anachukua kipande cha gunia jingine anaunga juu, anashona kwa kamba, mnaendelea kujaza mpaka linasimama kama mlima, hiyo ndo lumbesa. Sheria ya vipimo inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100, wote tunaijua, ila mvua ikinyesha barabara ya kutoka shambani ni tope, gari ni hilo moja, viazi vimeshachimbwa na vikipigwa jua vinageuka kijani na kuwa vichungu, utakataa? Unakubali. Kilo zinazozidi hazilipwi na hakuna anayekuuliza.

Hiki chumba unachotufungulia leo tumekijenga kwa sababu hiyo. Nje mlangoni tumeweka mizani, kiazi kinapimwa kwa kilo mbele ya mwenyewe, anaandikiwa, basi. Upande wa nyuma ni ghala lenye giza na hewa, viazi vya kula vinakaa bila kupigwa na mwanga. Huku mbele ndo tunakata krispi na chipsi mbichi za kuuzia vibanda. Tumejifunza mambo ambayo mtu wa mjini hawezi kuyajua, mfano viazi vilivyolala kwenye baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba vinaingia sukari, ukivikaanga vinatoka vyeusi na vina uchungu, kwa hiyo vya kukaanga inabidi uvihifadhi sehemu yenye joto kidogo kwa wiki kadhaa kwanza, na ukishakata lazima uloweke kwenye maji wanga utoke, ukaushe vizuri ndo uingize kwenye mafuta. Wataalamu wa taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI Uyole, tunawashukuru kwa elimu ya mbegu safi, maana tulikuwa tunarudishia viazi vidogo vidogo vya msimu uliopita miaka nenda rudi, mnyauko unahama navyo shamba hadi shamba na tunabaki kulaumu udongo.

Krispi tunataka zifike mbali, tunafuatilia SIDO, shirika la viwanda vidogo, na TBS, shirika la viwango, na tutafika tu. Ila Mheshimiwa sisi tunaamini mteja wetu wa kwanza yuko hapa. Shule za kata hii wazazi wanachangia mahindi na maharage watoto wapate chakula cha mchana, ni jambo zuri sana, lakini viungo vingine na unga wa uji vinatoka mbali kwa mzabuni. Serikali yenyewe ilishaweka utaratibu kwamba asilimia 30 ya manunuzi ya umma yatengwe kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Sisi ni kikundi, tumesajiliwa, mahindi ya kusaga unga tunayo, maharage ya njano tunayo, mboga zipo, na maziwa wafugaji wa Rungwe wanakamua kila siku. Mtoto akinywa uji wa maziwa ya ng'ombe wa jirani yake, mwenye huyo ng'ombe ndo anapata hela ya kumlipia mwanae sare, na sare inashonwa na fundi wa hapa centa.

Maombi yetu sio mengi. La kwanza ni lumbesa, tunaomba wakaguzi wa vipimo waje msimu wa mavuno, tena waje mashambani ambako ndo inashonwa, wakikaa barabarani tu mkulima anakuwa ameshaumia. La pili barabara ya kutoka mashamba ya juu, hata kifusi na mitaro tu kwa kuanzia, vijana wako tayari kuchimba mitaro wenyewe. La tatu ile mikopo ya vikundi inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo ilisimama 2023 ikarudi 2024, tumeshaomba kwa ajili ya mashine ya kukoboa na kusaga ili pumba zibaki hapa, tunaomba maombi yetu yaangaliwe kabla ya msimu wa mahindi, maana mashine ikija baada ya mahindi kuondoka tutakuwa tumesubiri mwaka mzima mwingine.

La mwisho halihitaji bajeti. Walimu wakuu na mganga wa zahanati wako hapa leo, na wewe uko hapa. Tunaomba baada ya kukata utepe, kabla hamjaondoka, tukae wote hapo ndani kwenye benchi, mtuambie mnanunua nini kila mwezi, kiasi gani na kwa masharti gani, na sisi tuwaambie tunaweza kuleta nini kuanzia muhula ujao. Daftari tumeshaliandaa.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi