Shukrani kwa mzee wa Ruaha Mbuyuni

Shikamoo mzee wangu. Jina lako sikulipata, ulishaondoka na gunia lako la vitunguu kabla sijauliza. Mimi ni yule wa Hilux kuukuu nyeupe, injini ya 22R, iliyokuwa ikitetemeka kwenye sailensi, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, kama yenye homa, ila ukikanyaga mafuta inatulia.

Mafundi mjini walishabadili plagi na kusafisha kabureta, na mmoja akashauri oveholi, yaani kufumua injini nzima. Wewe hukugusa spana. Ukauliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza: "Na breki je, zimekuwa ngumu?" Zilikuwa ngumu kweli. Ukachukua plaizi, ukaubana taratibu mpira unaotoka kwenye manifoldi, njia ya hewa ya injini, kwenda busta ya breki, ile inayotumia mvuto wa injini kulainisha breki, na injini ikatulia papo hapo.

Ulinieleza vizuri: kwenye sailensi injini inavuta hewa kidogo tu, kwa hiyo ile ya wizi inayopita kwenye ufa wa mpira inaharibu mchanganyiko wa hewa na mafuta. Ukikanyaga, hewa halali inakuwa nyingi na ile ya ufa haionekani. Ukakata ncha iliyopasuka, ukaurudisha mpira na klipu yake. Hela ukakataa, hata soda!

Mpira mpya nimeshafunga Iringa, maana ule ulikuwa umekauka wote. Niliporudi niliteremka mlima Kitonga nyuma ya malori, breki laini kabisa. Asante sana, baba. Nikipita tena hapo nitakuulizia kwa wauza vitunguu, na safari hii soda utakunywa.