Barua kwa mwanangu: shamba la Hombolo tusilikate vipande

Marahaba baba. Ujumbe wako nimeupata, dada yako kanionyesha usiku tukiwa tunakula, na hilo wazo lako la kumwita mpimaji aligawe shamba la zabibu vipande vinne kila mtu achukue chake nimelifikiria sana, nikasema sitakujibu kwa simu maana kwenye simu utanikatisha, bora nikuandikie utulie usome.

Wikiendi dada yako na shemeji yako ninaokaa nao huku Uswisi walinipeleka Valais, ndo jimbo linalotoa mvinyo mwingi kuliko majimbo yote ya Uswisi. Unapanda treni Lausanne, ukikaa upande wa kulia unaona ziwa, kushoto unaona mashamba ya Lavaux yamepanda mlima ngazi kwa ngazi, yale UNESCO waliyaweka kwenye urithi wa dunia 2007. Ziwa likiisha mnaingia bonde la mto Rhône, milima huku na huku, na huko juu zaidi kuna inayopita mita 4000 ina barafu mwaka mzima. Tukashuka Martigny tukachukua basi hadi kijiji kinaitwa Fully, kuna familia pale shemeji yako anafahamiana nao, wana shamba la mizabibu na mvinyo wanatengeneza wenyewe nyumbani.

Mimi nilidhani huko kote ni mvua na majani mabichi, kumbe hapana baba! Ile milima inazuia mawingu, Sion ambako ndo makao makuu ya jimbo wanapata mvua kama milimita 600 kwa mwaka, yaani haipishani sana na Dodoma yetu. Jua kali, upepo mkavu unaoshuka mlimani, mawe mawe, nikajisikia nipo nyumbani kabisa isipokuwa baridi ya jioni. Maji wanayatoa juu kwenye barafu inayoyeyuka, wamechimba mifereji inazunguka mlimani kilomita na kilomita, mmoja unaitwa Clavau upo karibu na Sion ni wa mwaka 1453 na mpaka leo unapeleka maji kwenye mizabibu. Fikiria watu waliochimba wameshakufa zamani sana na wajukuu wa wajukuu wao bado wanakutana kila mwaka kuusafisha.

Shamba lenyewe ni ukuta. Sijui nikuelezeje, yaani mlima umesimama alafu wamejenga kuta za mawe bila saruji hata kidogo, juu ya kila ukuta kuna kiplatifomu chembamba cha udongo, hapo mistari miwili mitatu ya mizabibu, alafu ukuta mwingine tena. Trekta haiingii. Wana kigari kidogo kinapanda kwenye reli moja kinabeba kreti, kingine chote ni mgongo na mikono. Kuna wakulima wanapuliza dawa kwa helikopta kwa sababu kutembea na bomba mgongoni pale ni hatari. Tulikuta wanavuna, wao wanavuna mara moja tu kwa mwaka, Septemba na Oktoba, nilipowaambia Dodoma tunavuna mara mbili yule mzee wa nyumba aliweka mkasi chini akaniuliza mizabibu yenu inalala saa ngapi? Nikamwambia hailali, tukishavuna tunaipumzisha kidogo tunapogolea inaanza upya. Alinyamaza kidogo akaniambia basi nyie mna bahati kubwa. Hilo neno nimelibeba.

Sasa nisikilize hapa maana ndo sababu ya barua. Huko Valais ardhi imekatwakatwa vibaya sana. Vizazi na vizazi baba akifa watoto wanagawana sawa, na wao wakifa wa kwao wanagawana, mpaka leo wamiliki ni maelfu na maelfu, unakuta mtu ana mistari mitano hapa na minne kule kilima kingine, haimlipi kulima, kuta zinabomoka anaacha pori. Kijiji cha jirani, Saillon, kuna shamba lina miti mitatu tu ya mizabibu na mwenyewe ni Dalai Lama, yule kiongozi wa dini wa Tibet, lakini lile ni la kumbukumbu, watu wanaenda kupiga picha, hakuna familia inayokula pale.

Ile familia tuliyoitembelea wako ndugu watatu na walikataa kukata. Mkubwa yupo shambani, dada yao alienda kusoma Changins ambacho ni chuo chao cha mambo ya mvinyo sasa yeye ndo yupo kwenye mapipa na matenki huko chini ya nyumba, mdogo anauza, anapokea wageni, anapeleka mahotelini. Faida wanagawana, ardhi hawagawani. Niliwauliza mnagombana? Wakasema sana, na wakacheka wote, lakini kila Jumatatu wanakaa mezani na vitabu vya hesabu na mama yao yupo.

Wana aina moja ya zabibu nyeupe inaitwa Petite Arvine, imeandikwa kwenye makaratasi ya huko tangu 1602 na nje ya Valais haipatikani sana. Inachelewa kuiva na ni ya usumbufu, lakini nilionja, baba, ukimeza inabaki ladha kama ya chumvi kwa mbali mdomoni, sijawahi kukutana nayo. Nikawauliza mnafanyaje? Kumbe siri kubwa ni kukubali kupata kidogo. Jimbo lenyewe limewawekea kikomo cha kilo kwa kila mita ya mraba, kwaiyo kiangazi wanapita wanakata vishada vibichi wanavitupa chini ili vinavyobaki vijae utamu. Mimi roho iliniuma kusikia, maana sisi tunauza kwa kilo, kila mkulima anawaza uzito tu, na mnunuzi naye anataka gari lijae. Chupa yao moja niliona wanauza faranga 24, ni zaidi ya elfu 60 ya kwetu, na chupa moja inakula kama kilo moja na kidogo ya zabibu. Piga hesabu mwenyewe kilo moja sisi tunaiuza shilingi ngapi, na ukumbuke ule msimu kreti zetu zimekaa juani zinasubiri gari la mnunuzi mpaka zabibu zikaanza kuvuja. Babu yako alilia siku ile, wewe ulikuwa mdogo.

Na wala usidhani wao wana raha. Aprili 2021 baridi kali ilikuja mizabibu ikiwa imeshachipua, watu Valais walikesha usiku wanawasha mishumaa mikubwa katikati ya mistari kuokoa machipukizi. Sisi tuna ubwiri unga na ndege, baridi ya namna hiyo hatuijui.

Kwaiyo ninachotaka ni hivi. Shamba libaki moja, hati moja, majina yenu wote wanne ndani. Wewe unaupenda udongo na unajua kupogolea kuliko vijana wote wa Hombolo, hilo halina ubishi, lishike. Mdogo wako kasoma mambo ya chakula pale chuo cha kilimo SUA, kwa nini anahangaika kutafuta ajira mjini wakati anaweza kwenda TARI Makutupora, kile kituo cha utafiti wa zabibu, wamfundishe kuchachusha na kupima sukari vizuri? SIDO wanaosaidia viwanda vidogo nao wapo, na alama ya ubora ya TBS si ya viwanda vikubwa peke yake, kuna watu wadogo Dodoma hapo hapo wameipata. Dada yako kasema atachangia hela ya tenki la kwanza la stenlesi, ameniambia mwenyewe sijamlazimisha. Tuanze na robo ya mavuno, inayobaki tuuze kama kawaida ili ada za watoto zisikwame.

Yule mpimaji mwambie asubiri, na kama umeshampa kianzio mwombe kwa adabu akirudishe. Miti usiiguse mpaka nirudi, nataka tupogolee pamoja ile mistari ya upande wa mashariki tuache vishada vichache tuone. Waambie wenzako Jumapili nikishafika tunakaa wote baada ya kanisa, nitakuja na chupa ya ile Arvine muonje, na shangazi yako awepo maana na yeye ana neno kwenye lile shamba.

Msalimie mkwe na watoto.

Mama yako