Mhariri, hiyo fyusheni imeshauza yuniti ngapi?

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu enzi za wino wa kuchafua vidole na sijawahi kuwaandikia, hata ile siku mlipotoa tanzia ya mtu na picha ya mtu mwingine nilikaa kimya. Ila ile habari yenu ya "jua la kutengenezwa", yaani fyusheni, kuunganisha viini vya haidrojeni vitoe joto kama linavyofanya jua, kwamba itaanza kuuza umeme 2028, hapana, hii imenishinda kuinyamazia.

Mimi nimestaafu kwenye ushirika wa akiba na mikopo, fomu za mikopo za watu zimepita mkononi kwangu mpaka macho yakachoka, kwa hiyo tofauti ya hela iliyoingia benki na hela iliyoahidiwa naijua vizuri. Nyie mmeandika Helion, kampuni ya fyusheni ya Marekani, "ilivuna dola bilioni 2.2" mwaka 2021. Ilivuna milioni 500. Ile bilioni 1.7 ni ya masharti, kampuni ikifikia hatua fulani za kiufundi ndio inapewa, na kwetu mtu akijaza kwenye kipato chake hela atakayopewa na shemeji mpunga ukikubali tunaipiga mstari mwekundu hapo hapo. Halafu mkataba na Microsoft. Upo kweli, ulisainiwa Mei 2023, megawati 50 kuanzia 2028. Lakini huo ni mkataba wa kununua umeme ukishapatikana, na nyie mmeuandika kama vile waya umeshafika mlangoni. Sam Altman, yule bosi wa OpenAI yenye ChatGPT, aliweka Helion dola milioni 375 zake mwenyewe, sawa, hela yake, hata zikipotea halali njaa.

Sasa sikilizeni kilichonifanya nishike kalamu. Kwenye mkutano mkuu wa ushirika wetu wa mtaani, mengineyo yalipofika, kijana mmoja akasimama na ukurasa wenu, kautoa kopi ya rangi kwa stationari kauweka kwenye plastiki ngumu kama cheti cha kuzaliwa, neno "bilioni" kalipaka njano kila lilipotokea. Anataka tuchukue sehemu ya akiba ya wanachama tukanunue "vipande vya fyusheni" kwenye app aliyoletewa na rafiki yake. Watu wanapiga makofi! Mpaka mama mmoja muuza dagaa akauliza, hiyo mashine imeshamuuzia nani umeme? Kijana akajibu Microsoft wameshasaini. Mama akamwambia na mimi nina watu kibao wamesaini daftari langu. Watu wakacheka ndio tukapona, maana kamati ilikuwa imeshaanza kuulizana asilimia ngapi. Na hapo hakuna aliyejua kwamba hizi kampuni, Helion na mwenzake wa huko huko Marekani, Commonwealth Fusion, hazipo soko la hisa, huwezi kuamka asubuhi ukanunua kipande chake kwa simu, hivyo hiyo app ilikuwa inauza nini Mungu ndiye anajua. Nyie mngeweka sentensi moja tu ya hivyo kwenye habari yenu yule kijana asingekuwa na cha kupaka njano. Lakini hamkuweka, mkaweka picha ya jua. Na sio mara ya kwanza, Desemba 2022 ile maabara ya Livermore kule California mkaandika wanasayansi "wamezalisha umeme mwingi kuliko walioutumia". Umeme gani? Leza, yaani miale mikali ya mwanga, zilipeleka megajuli 2.05 za nishati (megajuli 3.6 ndio yuniti moja ya umeme) kwenye kidonge cha haidrojeni kilichogandishwa, zikatoka 3.15, ni jambo kubwa na sibishi, ila mitambo ya leza yenyewe ilivuta kama megajuli 300 kutoka gridi. Nimepiga hesabu kwa lugha ya mita yangu ya nyumbani, ziliingia yuniti kama 83, na kilichotoka hakifiki hata yuniti moja, tena ni joto na mionzi, hata taa ya choo haiwaki kwa hiyo.

Hao Commonwealth mpaka 2025 wamekusanya karibu dola bilioni 3, kwa hela yetu zaidi ya trilioni 7. Mkataba wa kujenga Bwawa la Mwalimu Nyerere ulikuwa trilioni 6.5 na ushee, na lile lina mashine tisa za megawati 235 kila moja. Wao kiwanda wanachopanga Virginia ni megawati 400, miaka ya mwanzo ya 2030 wakijaliwa, Google wameshasaini kununua nusu yake. Na ule mradi wa serikali kubwa kule Ufaransa, ITER, mkataba wa 2006, walisema 2025 wataanza, 2024 wakasema 2034, kuanza kutumia mafuta yake kamili (ni haidrojeni, sio petroli) 2039, na gharama juu euro bilioni 5. Huo hata ukifanikiwa hautauza umeme, ni wa majaribio tu! Sisemi wasijaribu, wajaribu, matajiri na serikali zenye hela ndio kazi yao hiyo.

Na tukiwa hapo hapo, hivi pale kwenu hakuna mtu hata mmoja anayejua megawati ni nini? Juzi mmeandika bwawa linatoa "megawati 2,115 kwa saa", wiki iliyofuata "kwa siku". Megawati yenyewe ni kasi ya kutoa umeme, haina kwa saa wala kwa siku! Mkiandika bei ya nyanya hamkosei, ikifika umeme mnamwaga tu tarakimu, na pembeni tangazo la kubeti nusu ukurasa.

Ombi langu ni dogo. Kila mkiandika habari ya fyusheni wekeni kisanduku chenye mistari mitatu: yuniti zilizouzwa mpaka leo, hela zilizoingia benki kweli (za ahadi mbali), na tarehe waliyosema mwanzo pembeni ya wanayosema sasa. Mstari wa kwanza mtaandika sifuri, haichukui nafasi. Na kama mnaona aibu kuchapa sifuri kila mara basi hizo habari zihamisheni ukurasa wa nyota, kati ya Mizani na Nge, yule kijana wetu akiuleta huo mkutanoni tutajua ni utabiri.

Mstaafu wa ushirika,
Morogoro