Kwa baraza jipya la wazee na mashemasi

Wapendwa wangu mliochaguliwa,

Bwana asifiwe.

Ninyi mmeingia, mimi nimetoka. Sina tena kiti wala kura barazani. Nilichobakiza ni mdomo, pamoja na umri unaoniruhusu kuutumia. Barua hii nimeiacha wazi ili washirika wote waisome, maana waliowachagua nao wanapaswa kujua wawadai nini.

Mtaulizwa mara kwa mara kanisa letu linaamini nini, na jibu mnalo. Tunamwamini Mungu mmoja, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Tunaamini kwamba Yesu Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu na siku ya tatu akafufuka. Tunabatiza, tunaumega mkate, tunamngoja arudi. Maaskofu waliokutana Nikea mwaka 325, na wenzao wa Konstantinopoli mwaka 381, walikwisha kuyatafutia mambo hayo maneno, na sidhani kama kikao chenu cha jioni kitayaboresha. Wasiwasi wangu uko kwingine. Watu wanaisoma imani yetu kwenye daftari la sadaka, kwenye orodha ya wanaosaidiwa, na kwenye uso wa mzee wa kanisa anapoletewa malalamiko. Huko wanatusoma kwa makini kuliko wanavyosikiliza ungamo letu, na huko ndiko mlikokabidhiwa ninyi.

Kuna wanaosema hayo ni mambo ya utawala tu, kwamba ya kiroho ni mahubiri na maombi. Basi fungueni Matendo ya Mitume sura ya 6. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa changa, mitume walikuwa hai, watu walikuwa wakiongoka kwa maelfu, na manung'uniko ya kwanza ya kundi dhidi ya kundi tunayosimuliwa humo hayakuhusu Utatu wala ubatizo. Yalihusu chakula. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani, yaani waliosema Kiyunani, walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Luka hasemi kwamba kuna mtu aliyewanyima makusudi. Nadhani hata kwetu hutokea hivyo: mgawaji anawajua wa kwao, anajua milango yao na lugha yao, na wengine wanampita pembeni ya jicho bila yeye kuwa na chuki na mtu.

Sasa tazameni mitume walivyofanya. Hawakuwaambia wanung'unikaji waende wakaombe zaidi. Hawakuunda tume ya kutafuta nani kaanzisha maneno. Waliwaita wanafunzi wote, wakawataka wachague watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima, wakabidhiwe kazi hiyo. Someni majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, na Nikolao mwongofu wa Antiokia. Yote ni ya Kiyunani. Najua hata Wayahudi wa Palestina walikuwa na majina ya namna hiyo mara nyingine, Andrea mtume akiwa mmojawapo, kwa hiyo sitaapa. Lakini saba kwa saba? Wafasiri wengi wanaona pale ninachokiona mimi: kanisa lilichukua kazi ya ugawaji likaikabidhi kwa watu wa upande uliokuwa umesahauliwa, wawagawie wajane wa pande zote mbili. Ilihitaji moyo. Na mstari wa 7 unaendelea kusema kwamba neno la Mungu likaenea, na hesabu ya wanafunzi ikazidi sana.

Mtaletewa manung'uniko, hilo halikwepeki. Yatatoka kwa vijana, au kwa waliohamia karibuni, au kwa wanaofuata ibada kwa shida kwa sababu lugha si yao, au kwa mtu wa kiti cha magurudumu ambaye kila Jumapili anabebwa kupandishwa ngazi kama mzigo, na watu wanaona wamemtendea wema. Wakisema wamesahauliwa, msianze kwa kujitetea. Waulizeni nani miongoni mwao anaweza kushika kazi hiyo, kisha mpeni kazi yenyewe, pamoja na bajeti na saini. Mwakilishi asiye na saini mmemweka kwa ajili ya picha.

Meza ya Bwana nayo. Maneno yale anayoyasoma mchungaji kabla ya kumega mkate, ya usiku ule aliotolewa Bwana Yesu, tumeyazoea hadi tumesahau yalikotoka. Yamo katikati ya karipio. Paulo aliwaandikia hivyo Wakorintho, katika miaka ya 50 baada ya Kristo, kwa sababu wenye chakula walikuwa wakitangulia kula na kunywa, huyu analewa na yule ana njaa, na wasio na kitu wanatahayarika mbele ya wenzao. Aliwaambia kwamba kukusanyika kwao kulikuwa kwa hasara. Onyo la kula mkate isivyostahili tunalolisikia kila tunaposhiriki limo katika ugomvi huo huo, wa wenye nacho na wasio nacho. Siwakatazi watu kujihoji juu ya dhambi zao za siri, wajihoji. Ila mzee anayepitisha kikombe, na asubuhi hiyo hiyo alimpita mtu mlangoni bila salamu kwa sababu ya viatu vyake, yeye aanze kujihoji kabla ya wengine. Habari ya mwenye pete ya dhahabu kupewa kiti kizuri na maskini kuambiwa asimame mnaijua, iko Yakobo 2, siirudii.

Yustino, aliyeuawa Roma kwa ajili ya imani yapata mwaka 165, alipowatetea Wakristo mbele ya Kaisari alieleza Jumapili yao ilivyokuwa. Maandiko yalisomwa, kiongozi alifundisha, wote walisimama kuomba, mkate na kikombe vililetwa, na mashemasi waliwapelekea wasiokuwepo. Kisha wenye nacho walitoa kadiri kila mmoja alivyopenda, na kilichopatikana kiliwekwa kwa kiongozi awasaidie yatima, wajane, wagonjwa, waliofungwa na wageni. Ujenzi haumo kwenye orodha hiyo. Siupingi ujenzi, na paa letu kila mtu analiona. Nawaomba tu, siku mnapopitisha bajeti, orodha ya Yustino iwe juu ya meza pamoja nayo, mzisome zote mbili.

Nafika kwenye fedha, ambako nimetumika kwa miaka mingi.

Sadaka ihesabiwe siku hiyo hiyo, hapo hapo kanisani, na watu wasiopungua wawili wasiotoka nyumba moja. Mlango uwe wazi. Noti zilizokunjwa zinyooshwe kwa kiganja na kupangwa kwa thamani, sarafu zisimamishwe kumi kumi, jumla iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, na wote watie saini kabla mtu yeyote hajatoka chumbani, hata kama usafiri wake unampigia honi nje. Atatokea mpendwa wa kuwaambia kwamba utaratibu huo ni dalili ya kutoaminiana. Mwonyesheni 2 Wakorintho 8. Paulo alipokusanya mchango kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu alimtuma Tito, akamwongezea ndugu aliyechaguliwa na makanisa yenyewe, na akaeleza sababu: mtu asije akawalaumu kwa habari ya fedha hizo nyingi. Alitaka mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia. Ikiwa mtume alitaka mashahidi, mweka hazina wetu ni nani asiwatake?

Ushahidi mwingine unatoka kwa mtu aliyekuwa akiwatesa Wakristo. Plinio, liwali wa Bithinia na Ponto, yapata mwaka 112 alimwandikia Kaisari Trayano alichokigundua alipowahoji. Walikuwa wakikutana siku maalumu kabla ya mapambazuko, wakimwimbia Kristo kama Mungu, na wakijifunga kwa kiapo cha kutoiba, kutozini, kutovunja neno walilolitoa na kutokataa kurudisha amana wanapodaiwa. Nimeipenda sana habari hiyo. Kumwimbia Kristo na kurudisha amana ya mtu vilikuwa katika kikao kimoja, na hakuna aliyeviita kimoja cha kiroho na kingine cha utawala. Ili apate siri zaidi, Plinio aliwatesa wajakazi wawili waliokuwa wakiitwa wahudumu katika kanisa, asipate uhalifu wowote. Wale kati yenu wanaoshangaa bado kwamba safari hii wamechaguliwa akina mama kuwa mashemasi, waanze kwa kusoma habari za hao wawili, halafu za Febe katika Warumi 16.

Jambo ambalo mweka hazina hujifunza na wahubiri wengi hawalijui ni kwamba daftari la zaka huugua kabla mtu hajasema anaumwa. Nyumba iliyokuwa ikitoa bila kukosa, kidogo kidogo, ghafla inakuwa na nafasi tupu mwezi mmoja, wa pili, wa tatu. Kumeingia kitu: kazi imekwisha, ndoa inayumba, au mtu yuko hospitali na familia imenyamaza kwa aibu. Msimtume mtu wa kukumbusha ahadi. Mtumeni wa kujulia hali, asiye na daftari mkononi, na zaka isitajwe kabisa. Ndiyo maana nimesisitiza siku zote kwamba daftari lishikwe na watu wachache wenye kifua. Kinachosomwa humo kikizungumzwa barazani na kikafika kwenye mazoezi ya kwaya, nyumba hiyo haitarudi, na itakuwa na haki. Mtu akifariki, daftari hilo lisifunguliwe ili kuamua azikweje. Hilo nalisema kwa ukali wote nilio nao.

Msisome majina ya watoaji na viwango vyao mbele ya watu. Anania na mkewe Safira tunawatumia kutishia wanaotoa kidogo, wakati Petro alimwambia Anania kwamba shamba lilikuwa lake kabla ya kuuzwa, na hata baada ya kuuzwa fedha zilikuwa mikononi mwake. Angeweza kubaki nazo. Kilichomwangusha ni uongo, yaani kutoa sehemu na kutaka aonekane ametoa zote. Kanisa linalopiga makofi kwa kiwango linawafundisha watu kutamani hicho hicho alichokitamani Anania.

Kuhusu ugomvi sitaandika mengi, kwa kuwa Mathayo 18 iko wazi: nenda kwake mkiwa wawili tu, asiposikia chukua mmoja au wawili, ndipo ulilete kwa kanisa. Sisi tunapenda kuanzia mwisho. Kila anayekuja kwenu na mashtaka muulizeni kwanza kama amekwenda kwa mhusika, na kama hajaenda, mwombeeni na mumwache aende. Ila hapa nakataza jambo moja: mtoto aliyedhuriwa, au mwanamke anayepigwa, asirudishwe peke yake kwa aliyemdhuru kwa kisingizio cha sura hiyo. Anayerudishwa hivyo anatolewa kafara. Mwekeni mahali salama, na yanayohusu sheria za nchi yapelekwe kwenye sheria za nchi.

Msije mkadhani nawaambia kwamba mafundisho si kitu, ili mradi tunasaidiana. Vyama vya kusaidiana viko vingi, na vingine vina hesabu safi kuliko zetu. Luka aliposimulia maisha ya waumini wa kwanza aliandika kwamba walidumu katika fundisho la mitume, na katika ushirika, na katika kuumega mkate, na katika kusali. Fundisho liko mwanzoni. Aliyefahamu kwamba amesamehewa deni lisilolipika hashindwi kumvumilia mwenzake anayeudhi, na anayeamini ufufuo anaweza kukaa usiku mzima kando ya mtu anayekufa bila kutafuta maneno ya kujaza kimya. Hata Imani ya Mitume inaweka ushirika wa watakatifu na ondoleo la dhambi mstari mmoja baada ya mwingine, na sioni tungewezaje kuwa na huo wa kwanza bila hili la pili, sisi tunavyojuana. Kwa hiyo darasa la ubatizo msimwachie mwinjilisti peke yake. Kila mzee aketi humo kwa zamu, na asiulize maswali ya kuwatahini wanafunzi. Aketi asikilize, hasa wazee ambao mara ya mwisho kujifunza imani yao ilikuwa siku walipobatizwa.

Mchungaji wetu naye ana nyumba na ana mwili unaochoka. Kumtii ni sawa, na kumwambia hapana kwenye kikao ni sawa pia, mradi msimwambie hapana hiyo mlangoni baada ya kikao kufungwa.

Kwenye kikao chenu cha kwanza, ajenda itakayofuata sala ya kufungua iwe majina ya wagonjwa na wafiwa, nani anakwenda kwa nani, na siku gani. Iandikwe kwenye kumbukumbu, na kikao kinachofuata kianze kwa kuuliza kama alikwenda. Ripoti ya kamati ya ujenzi isubiri. Vitabu vya hesabu nimevikabidhi kwa katibu vikiwa vimekaguliwa, pamoja na funguo mbili za kabati. Kabati lilikuja na funguo tatu, na ya tatu hakuna anayejua iliko, kwa hiyo badilisheni kufuli.

Wenu katika Bwana,

Mzee mwenzenu aliyestaafu